Jinsi nilivyozuia seli zangu za sola za kikaboni kufifia kwenye mwanga

Nilipoanza kutengeneza seli za sola za kikaboni (zinazofyonza mwanga kwa molekuli za kaboni badala ya silikoni) kwa polima ya PBDB-T-SF na IT-4F, molekuli inayopokea elektroni kutoka kwenye polima, mchanganyiko uliofikisha ufanisi wa asilimia 13 mwaka 2017, kila niliyemweleza kwamba zinadhoofika haraka alinijibu kuwa ni unyevu, niongeze gundi ya epoksi na kuziziba upya. Ushauri huo unanikera hadi leo, kwa sababu seli zangu zilidhoofika hata ndani ya kisanduku cha naitrojeni. Tena tabaka la PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme ambayo huwekwa juu ya elektrodi, na ambalo huvuta maji na asidi yake hula elektrodi iliyo chini, nilikuwa nimeshaliondoa; nilitumia mpangilio uliogeuzwa, oksidi ya zinki chini ya kukusanya elektroni, oksidi ya molibdenamu na elektrodi ya fedha juu.

Nikaacha kutengeneza seli nzima. Nilichukua vipande viwili vya kioo, kimoja nikakipaka oksidi ya zinki na kingine nikakiacha kitupu, kisha vyote nikavipaka IT-4F ya chupa moja, nikaviweka chini ya taa moja yenye mionzi ya urujuanimno. Kwenye kioo kitupu rangi ilibaki vilevile. Kwenye oksidi ya zinki ilififia mpaka nikaiona kwa macho, kabla hata spektromita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, haijanionyesha kilele cha ufyonzaji cha zaidi ya nanomita 700 kikiporomoka. Nilirudia jaribio nikiwa nimeweka mbele ya taa kichujio kinachozuia mawimbi mafupi kuliko nanomita 400, kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na gramu moja ya polima, na rangi haikupotea. Furaha niliyoipata siku hiyo siwezi kuificha! Oksidi ya zinki ikifyonza urujuanimno huwa kichocheo, nayo huvunja kifungo cha kaboni kinachounganisha kiini cha molekuli na ncha zake. Gundi ya nje ingezuia nini?

Nikaibadili oksidi ya zinki kwa oksidi ya bati, ambayo uchocheaji wake ni dhaifu zaidi, na ufanisi wa mwanzo haukushuka. Kuhusu diayodooktani, kiongezi cha majimaji kinachotiwa kwenye myeyusho wa kupaka, msiongeze kila mnapoambiwa kuwa inapandisha ufanisi: asilimia 0.5 ya ujazo ilinitosha, na kwa kuwa huchemka kwenye joto kubwa sana, mabaki yake hubaki ndani ya tabaka na kuliharibu likipata mwanga. Mimi huziacha seli kwenye ombwe usiku mzima kabla ya kupaka elektrodi ya juu.

Angalieni pia taa. LED nyeupe za kawaida karibu hazina urujuanimno, hivyo seli yenye oksidi ya zinki huonekana imara chini yake ilhali juani itafifia. Nikisoma dai la seli iliyodumu maelfu ya saa, jambo la kwanza ninalolitafuta ni aina ya taa iliyotumika.