Jinsi foleni ya mbolea ilivyonipandishia mshahara

Nilimaliza diploma ya teknolojia ya habari mwaka 2016, nikaanza kazi kwenye saiba karibu na Kenyatta Avenue hapa Nakuru kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Kufomati kompyuta, kuondoa virusi, kutengeneza printa. Baadaye nilihamia duka la jumla la pembejeo za kilimo nikalipwa 28,000, na jioni nikawa natengenezea watu tovuti, moja 20,000.

Hizo tovuti ndizo zilizokufa kwanza. ChatGPT, programu ya akili bandia, ilitoka Novemba 2022, na haukupita mwaka mteja akanionyesha kwenye simu ukurasa alioutengeneza mwenyewe usiku, akauliza kwa nini anilipe 20,000. Sikuwa na jibu. Nikakimbilia kusomea lugha za programu, JavaScript kisha Python, kwa sababu matangazo ya kazi za Nairobi yalizitaja. Vyeti nilipata. Kuitwa sikuitwa.

Kisha ikaja foleni ya Machi 2024. Masika yakikaribia, wakulima wa Njoro, Bahati na Molo hufika dukani kwa wakati mmoja. Mzee mmoja alikuwa amelipia mifuko minne ya mbolea. Ujumbe wa M-Pesa uko kwenye simu yake, kompyuta ya kaunta inasema hajalipa. Amri ya mwenye duka ni kwamba mfumo usipothibitisha, mzigo hautoki. Pikapu aliyokodi na wenzake inangoja nje. Akanigeukia: "Kijana wangu, pesa yangu imeenda wapi?"

Usiku ule sikulala. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hutuma ujumbe wa uthibitisho kwenye anwani ya intaneti uliyoitoa. Anwani yetu iliishia kwenye kompyuta iliyokuwa kona ya stoo. Umeme ukipotea dakika mbili, uthibitisho unakosa pa kutua. Nilikodi seva ya nje ipokee ujumbe na kuuhifadhi kabla ya jambo lingine lolote. Msimbo wa muamala, zile herufi na tarakimu kumi, nikaufanya usiweze kuingia mara mbili kwenye hifadhidata. Malipo yanayokawia, programu inayaulizia yenyewe kila baada ya dakika tano. Python niliyoisomea cheti ilinifaa hapo, ila kazi kubwa ilifanywa na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ambayo chuoni niliipita mbio.

Nilipolinganisha taarifa ya M-Pesa na mauzo ya miezi sita, nilikuta malipo ambayo hayakuwa na risiti, na risiti ambazo hazikuwa na malipo. Zaidi ya hayo, tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kupunguza kodi ya biashara, kwa hiyo mhasibu alihitaji kila risiti ilingane na pesa iliyoingia. Ghafla mimi na yeye tukawa tunakaa meza moja.

Novemba nilienda kwa mwenye duka na daftari. Sikutaja vyeti. Nilimwonyesha tarehe, kiasi, na kilichookolewa. "Mama, naomba 60,000." Alikaa kimya, akafungua kurasa mbili tatu, akasema 55,000 kuanzia Januari. Nilikubali. (Ukienda kuomba, taja mshahara kabla ya makato. Kwenye 55,000, SHIF, mchango wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 ni 1,512.50 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 825, na hapo kodi ya mapato na akiba ya uzeeni ya NSSF bado.)

Nawaonea uchungu vijana wanaomaliza chuo sasa, kwa sababu ile kazi ya kufomati niliyoanzia mimi imepungua sana. Mdogo wangu aliniuliza mwezi uliopita ajifunze lugha gani ya programu. Nilimwambia aje Jumamosi akae kaunta tangu asubuhi hadi tufunge hesabu, aandike kila kinachokwama. Alikuja. Aliandika mambo kumi na moja, na matatu kati ya hayo sikuwa nimewahi kuyaona.