Keki za umbo la boga nilizooka Kigoma kwa mawese na vibakuli vya stili

Mwanzoni mwa Oktoba 2024 nilipokea oda ambayo haikuwahi kunifikia tangu nianze kuoka keki nyumbani kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Dada mmoja aliyerudi kutoka masomoni Kanada alitaka keki ndogo 24 zenye umbo la boga na ladha ya viungo, za kuwakaribisha wageni wake wawili waliokuwa wakipita mjini kwenda Hifadhi ya Gombe. Alizitaka Jumatatu tarehe 14. Kwetu siku hiyo ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa Wakanada, Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu yao ya kushukuru kwa mavuno, na mwaka ule mapumziko hayo mawili yaliangukia siku moja.

"Dada, ni keki za vuli," aliniambia huku akinionyesha picha kwenye simu yake. Nilimwelewa kwa shida kidogo, kwa sababu vuli niijuayo mimi ni mvua fupi za Pwani na za kaskazini mwa nchi, na sisi wa Kigoma hata hizo hatuna. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei. Yeye alikuwa akizungumzia majira ambayo majani ya miti katika nchi za kaskazini hugeuka ya manjano na mekundu kabla ya kupukutika, na ambayo ndiyo majira yao ya kuvuna maboga. Kwetu boga la Oktoba ni la akiba, lililovunwa mvua zikielekea kwisha na kukaa ndani miezi kadhaa, na baadaye niligundua kwamba jambo hilo lilikuwa la heri kwangu.

Keki za kwenye picha zilikuwa zimeokwa katika bati maalumu lenye mashimo ya nusu boga, yenye mifereji yake tayari, ambapo mwokaji huunganisha nusu mbili na kazi ikawa imekwisha. Bati la namna hiyo sijawahi kuliona katika duka lolote la hapa, na kuliagiza Dar es Salaam kungekula siku zote kumi nilizokuwa nazo. Nilipokea malipo ya awali nikiwa sijui nitafanyaje. Sijivunii hilo.

Nilianza na boga lenyewe. Nilikwenda Ujiji kwa bibi mmoja ninayenunua kwake mawese na mboga kila mara, nikamwamkia, nikachagua boga kubwa lililong'aa vizuri. Alilichukua mikononi mwangu na kulirudisha chini.

"Hilo la maji, mwanangu. Utapika uji."

Alinipa jingine dogo, la kijivu, lisilovutia hata kidogo, akanionyesha kikonyo chake kilichokauka hadi kuwa kama kipande cha kuni, kisha akajaribu kulichoma ngozi kwa ukucha na ukucha haukuingia. Boga la namna hiyo, alinieleza, ni la unga, na likipikwa hukauka kama kiazi. Nilinunua mawili ya aina hiyo, lakini kwa ubishi wangu nilibeba na lile la kung'aa, nikiwa na hakika kwamba kwenye keki tofauti isingeonekana.

Ilionekana. Boga la kung'aa nililichemsha kama tunavyochemsha la futari, nikaliponda, nikachanganya na robo ya vipimo ili nijaribu tu. Keki zilipanda vizuri kwa dakika 15, nikafurahi, halafu katikati zikazama kama sakafu iliyobomoka, na nilipozikata nilikuta chini kuna tabaka zito lenye kunata ambalo halikuwa keki wala ugali. Maji yalikuwa mengi kupita kiasi, kwa hiyo unga na mayai havikuwahi kushikamana kabla hewa iliyoinua keki haijatoroka. Kuongeza unga kungeficha tatizo na kutoa keki ngumu. Dawa ilikuwa kuondoa maji.

Maboga ya bibi niliyakata vipande vikubwa pamoja na maganda yake, nikayapanga kwenye oveni yangu ya mkaa bila tone la maji, nikayaacha karibu saa nzima hadi kingo zikaanza kuwa kahawia. Kisha nilikwangua nyama kwa kijiko, nikaiponda, nikaifunga katika kitambaa safi cha pamba na kukining'iniza juu ya bakuli. Hata kutoka katika boga lile kavu, kwa muda wa saa moja yalichuruzika maji ya manjano karibu nusu kikombe. Rojo iliyobaki ilikuwa nzito kiasi kwamba nilipopitisha kijiko katikati yake, njia ya kijiko ilibaki wazi. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu, na nakiamini kuliko mizani.

Viungo havikunisumbua sana. Mseto ambao Wamarekani na Wakanada huuita viungo vya boga kwa kawaida hauna boga ndani yake. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, yaani vitu ambavyo sisi tunaviweka katika chai na pilau bila kungoja majani yapukutike. Nilikosea mahali pamoja tu. Karafuu niliitwanga mwenyewe kwenye kinu, ikawa kali kuliko ya paketi, nami nikaiweka kijiko kizima cha chai. Mwanangu aliyepewa kuonja alilalamika kwamba ulimi umekufa ganzi, na hakuwa akitania, kwa maana karafuu ndiyo ileile ambayo watu hubana kwenye jino linalouma. Nilishuka hadi robo kijiko kwa kila gramu 375 za unga, pamoja na vijiko viwili vya mdalasini, kimoja cha tangawizi kavu na nusu ya kungumanga iliyokunwa papo hapo.

Rangi ndiyo iliyoninyima usingizi. Maboga ya unga yana nyama ya manjano iliyofifia, na ukishaichanganya na unga na mdalasini unapata keki ya kahawia isiyokumbusha boga hata kwa mbali. Rangi ya dukani ingeweza kusaidia, lakini nyekundu na manjano nilizokuwa nazo zikichanganywa hutoa wekundu wa sare za michezo. Nilikuwa nimesimama jikoni nikiitazama chupa ya mawese juu ya kabati ndipo nilipokumbuka kwamba wekundu wake unatokana na karotini, ileile inayoipaka rangi karoti na boga lenyewe. Kwa nini niitafute mbali?

Jaribio la kwanza nilibadilisha mafuta yote ya alizeti nikaweka mawese matupu. Rangi ilitoka ya ajabu, ya machungwa iliyokolea kama jua la jioni juu ya ziwa, na mwanangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameanza kuniogopa, alinusa kipande chake akasema keki inanukia mgebuka, samaki wa ziwa letu. Alikuwa na haki. Katika nyumba zetu mawese ni mafuta ya kupikia samaki na maharage, na pua ya mtoto wa Kigoma haiwezi kudanganywa. Nilipunguza hadi yakawa robo tu ya mafuta yote, na hapo tangawizi na karafuu zikaifunika harufu huku rangi ikibaki. Nilijifunza pia kuyayeyusha mawese polepole kwa kuitumbukiza chupa katika maji ya moto, maana yakiungua sufuriani rangi hupauka, na kutumia mawese mapya, kwa kuwa yaliyokaa muda mrefu huwa na uchachu ambao hakuna kiungo kitakachouficha.

Vipimo nilivyobaki navyo kwa nusu ya oda, yaani keki 12, ni hivi: unga wa ngano gramu 375, rojo ya boga gramu 400, mayai manne, sukari gramu 225, asali gramu 75, mafuta ya alizeti mililita 150, mawese mililita 50, vijiko vitatu vya chai vya beking pauda na nusu kijiko cha chumvi. Nusu ya pili niliichanganya baadaye kwa makusudi, kwa sababu mchanganyiko ulioachwa usubiri mkupuo wa tatu na wa nne hupoteza nguvu ya kupanda.

Kuhusu umbo, mawazo yangu ya mwanzo yalikuwa ya kipuuzi. Nilikuwa nimeona mikate iliyofungwa uzi kabla ya kuokwa ili ipate mifereji, nikapoteza nusu saa nikiwaza jinsi ya kufunga uzi, hadi nilipojikumbusha kwamba donge la mkate hushikika na mchanganyiko wa keki humiminika. Suluhisho lilikuwa kabatini: vibakuli 12 vidogo vya stili, vya mviringo chini, ambavyo huwa naandalia kachumbari wakati wa sherehe. Nilivipaka mafuta na unga, nikavijaza hadi theluthi mbili, nikavioka kwa dakika kama 25 katika mikupuo minne, makaa machache chini na mengi kidogo juu. Ili kujua moto, huweka kwanza kipande cha karatasi nyeupe ndani ya oveni; kikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa dakika tano, moto unatosha, na kikiwahi kuwa cheusi ninaondoa makaa.

Kila kibakuli kilitoa nusu boga. Nilikata kilima kilichovimba juu ili nyuso mbili zikutane sawasawa, nikazigandisha kwa asali nzito, nikazifunika na kuziacha zilale. Kulala huko ni muhimu. Keki ya siku hiyohiyo ukiigusa kwa kisu inamomonyoka, lakini ya kesho yake imeshikana na inakubali kuchongwa. Kwa ncha ya kisu kidogo nilichora kwanza mistari minne toka juu hadi chini, kama mtu anayetaka kumenya chungwa, kisha mmoja katikati ya kila miwili, na katika kila mstari nikatoa ukanda mwembamba kwa kukiinamisha kisu upande huu na upande ule. Boga la kwanza lilitoka kama mpira uliopasuka. Kufikia la sita mkono ulikuwa umezoea, na niliona kwamba mifereji isiyolingana sana hupendeza zaidi, kwa kuwa hakuna boga shambani lililopimwa kwa rula. Mabaki ya kuchonga yaliliwa kwa chai, na hapo mwanangu alinisamehe.

Mapambo ya juu yaliniponyoka mara mbili. Dada mwenye oda alitaka krimu nyeupe yenye uchachu kidogo, ya jibini laini, ambayo sikuipata mjini. Nikajaribu mtindi uliochujwa usiku kucha, lakini nilipoweka sukari ya unga ulianza kutoa maji na kuchuruzika hadi kwenye sahani. Krimu ya siagi nayo ilisimama vizuri asubuhi, na saa nane mchana, chini ya paa la bati na joto la Oktoba, ikalala. Niliachana na krimu zote nikarudi kwenye kitu rahisi: sukari ya unga iliyokorogwa na maji ya limau, pamoja na juisi ya karoti niliyoichemsha hadi ikabaki vijiko vichache, na binzari ya manjano kidogo sana ya kuishika rangi. Uzito wake nilipima kwa kuinua kijiko na kuacha uzi wa sukari uanguke juu ya bakuli. Ukipotea nikihesabu hadi kumi, uko tayari.

Kabla ya hapo nilizipaka keki zote asali iliyopashwa na maji kidogo, ili chembechembe za sehemu zilizochongwa zilale na zisiingie kwenye rangi. Tabaka la kwanza la sukari lilifunika boga zima. La pili nililipitisha juu ya matuta peke yake, hivyo mifereji ikabaki na kivuli chake, na ghafla vitu vile vikaanza kufanana na maboga kweli. Vikonyo vilikuwa vijiti vya mdalasini vya urefu wa sentimita tatu. Kijiti cha mdalasini kimejikunja na kukwaruzika kama kikonyo kikavu, na kinanukia kabla keki haijafika mdomoni. Majani na vikamba vya kutambaa nilivichora kwa sukari hiyohiyo iliyotiwa rangi ya kijani ya dukani, kupitia karatasi niliyoikunja kama koni.

Jumatatu asubuhi nilizipeleka kwa bajaji, boksi likiwa mapajani. Vikonyo viwili vilianguka njiani, nikavirudisha mlangoni. Wageni walizisifu na kuuliza rangi ile inatoka wapi, nami nikawajibu kwamba ni boga na karoti, jibu ambalo lilikuwa kweli kwa sehemu yake.

Keki moja nilikuwa nimeioka zaidi ya oda kwa ajili ya bibi wa Ujiji, nikampelekea jioni. Aliuchomoa mdalasini, akauweka kwenye upindo wa kanga yake, akamega kipande, akakitafuna taratibu akiwa ametazama pembeni.

"Mawese haya," alisema. "Tena ni yangu, ya wiki iliyopita."