Machalii wanapiga smashi, pointi nachukua mimi

"Tumia kifundo, dada! Kifundo!" Huo ndio ushauri niliolishwa kwenye mpira wa vinyoya tangu nianze kucheza hapa Arusha, na kila aliyenipa alikuwa mtu mzima na akili zake timamu. Nikakitumia hicho kifundo cha mkono mpaka kikavimba, nikawa siwezi hata kukamua nguo, na kinyoya bado kinaishia katikati ya uwanja, pale pale anapokitaka mpinzani ili akugongee nacho miguuni. Muuza duka la dawa akanipa krimu ya kuchua, elfu sita au saba hivi, akanipa na pole, halafu akaongeza: "Labda hukitumii vizuri hicho kifundo." Na yeye!

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona wageni ukumbini wanapewa maneno yale yale. Na sitaficha, nataka kujisifu kidogo. Mimi ni mama wa watoto watatu, arobaini nimeshaipita, goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, na siku hizi machalii wa chuo wakisikia zamu ya mmoja mmoja ni mimi, ghafla kila mtu anakumbuka ana simu ya kupiga.

Aliyenitoa gizani ni Babu. Wote tunamwita hivyo, mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri, amezeeka na raketi mkononi. Hafundishi mtu. Anakaa kwenye benchi na chai yake ya chupa, anaangalia. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, halafu akaniuliza, "Mama, huo mkono umekukosea nini?" Akaniambia nikunje kiwiko, kiganja kiangalie uso wangu, kisha nikigeuze kiangalie mbele. Kifundo kisikunjwe hata kidogo. Mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko unajizungusha kama unavyozungusha ufunguo kwenye kitasa kigumu. "Nguvu iko hapa," akasema, akigusa pale kati ya kiwiko na kifundo. "Kwenye kifundo utapata maumivu tu."

Sasa, mkono huo haugeuki kama umeikaba raketi. Na haugeuki kabisa kama umeishika uso wake ukiwa umetazama mbele, na wengi wetu tunaanza hivyo kwa sababu inaonekana ndiyo njia ya kutokukosa kinyoya. Ishike ubavu ukiwa umekutazama, vidole vilegee, uvikaze pale tu kinyoya kinapogusa nyuzi. Kwa upande wa bekihendi, yaani ukipiga kwa mgongo wa mkono, dole gumba linalala kwenye ule ubapa mpana wa mpini na kusukuma. Basi. Wiki chache baadaye kinyoya changu kilianza kufika mstari wa nyuma bila mimi kutoa ule mguno, na krimu ya kuchua ikahamia kwa mume wangu.

Kuhusu raketi, usimsikilize anayekwambia ununue ya bei mbaya halafu ukafungiwe nyuzi kwa mkazo wa pauni 28 kama wale wa kwenye televisheni. Nyuzi zikikazwa hivyo, sehemu ya katikati inayopiga vizuri inakuwa ndogo mno, na mkono usiojua kugeuka haupati chochote isipokuwa mtetemo kwenye kiwiko. Mimi natumia 22, raketi ya kawaida niliyoinunua kwa dada mmoja aliyekuwa anahama. Laki moja na kitu. Inanitosha.

Miguu nilijifunzia nyumbani. Nilipanga ndala sita barazani: mbili mbele, mbili pembeni, mbili nyuma, mimi katikati. Naenda kwenye ndala, nagusa, narudi. Majirani waliuliza kama ni mambo ya kanisa. Cha muhimu hapo ni ule mruko mdogo, miguu yote miwili ikitua pamoja wakati mpinzani anapogonga kinyoya, si kabla wala si baada. Ukitua hivyo unaweza kwenda kokote. Ukikosa mruko huo utabaki umesimama wima unakiangalia kinyoya kikianguka mbele yako, na watu watasema huna mbio, wakati mbio unazo ila umechelewa kuondoka.

Haya, tuje kwenye vinyoya vyenyewe, maana hapa ndipo nilipopata utamu.

Mpwa wangu anaishi Uingereza, akaniletea tyubu nzima ya vinyoya vya manyoya ya bata bukini, kwenye kifuniko imeandikwa 78. Nikaenda nayo ukumbini najisikia tajiri. Tukaanza kucheza: kila kinyoya nje. Natupia nyuma, nje. Chalii anainua, nje. Wakaanza kulaumiana, mara raketi mbovu, mara mistari ya uwanja ilichorwa vibaya. Babu akacheka mpaka chai ikamwagika. Akaniambia nisimame kwenye mstari wa nyuma kabisa, nikipige kutokea chini kwa nguvu zangu zote, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya chenye kasi sahihi hutua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Changu kikapita mstari, kikaenda kugonga mabegi ya watu.

Sababu ni hewa. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, haikizuii kinyoya inavyopaswa. Namba zile, 75 mpaka 79, ni za kasi: kadiri inavyopanda ndivyo kinyoya kinavyokwenda mbali. Ile 78 ni ya watu wa baridi wanaoishi karibu na bahari. Sisi huku ni 75. Wanaocheza na vinyoya vya plastiki waangalie utepe unaozunguka kichwa: kijani ndicho cha polepole, buluu cha kati, nyekundu ndicho cha kasi. Nunua kijani, hata kama muuzaji anakwambia nyekundu ndiyo "original".

Lakini tyubu yangu je, niitupe? Babu akachukua kinyoya kimoja, akakigeuza mdomo juu. Kina manyoya 16. Akalishika moja kwa kucha mbili, akaikunja ile ncha yake kwa nje, kipande kidogo tu, kisichofika upana wa kucha. Akaruka la pili. Akakunja la tatu. Akazunguka hivyo mpaka manane yakawa yamekunjwa na manane yamenyooka, chai ikiwa mkono wa pili muda wote, sijui alifanyaje. "Piga." Nikapiga. Kikaenda, kikafika mahali kikawa kama kimekumbuka kitu, kikadondoka ndani ya mstari. Ncha zilizokunjwa nje zinashika hewa. Ukizikunja ndani, kinaongeza kasi. Chalii mmoja akasema na yeye anaweza, akavunja unyoya mzima kuanzia kwenye mti wake, na kinyoya kile kikaanza kuyumba kikiwa hewani. Ni kazi ya kucha, si ya vidole, na machalii kucha hawana, wanazitafuna.

Tangu hapo mimi ndiye mkunjaji rasmi. Siku za kiangazi pia navipitisha kwenye mvuke wa birika kidogo jioni kabla ya mechi, nafunika tyubu, maana manyoya yakikauka yanakatika haraka na tyubu ya kueleweka si chini ya elfu hamsini. Wengine wanasema ni uchawi. Waache waseme, vyao vinaisha kabla ya seti moja.

Elimu hiyo ilinilipa walipokuja wageni kutoka Dar kwa bonanza la wikendi. Vijana wazuri, wana adabu, wanaita kila mtu mama. Wakaja na vinyoya vyao wenyewe, vipya, vya kwao kule pwani, wakasema tuvitumie hivyo. Nikasema hakuna shida wanangu. Babu akanikonyeza. Hakuna aliyependekeza tupime.

Sasa mtu aliyezoea kucheza chini kule, mkono wake una kipimo. Anajua nguvu hii inafika mstari ule. Ukimleta Arusha, nguvu ile ile inapitiliza. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, nayo ni ngumu kuliko inavyosikika: kuacha. Kinyoya kinakuja juu juu, raketi inakuwasha mkononi, na wewe unaishusha, unasogea pembeni, unakiangalia kikitua kidole kimoja nje. Mtu akisisimkwa akagusa, ameharibu. Seti ya kwanza nilimwachia binti mmoja mrefu vinyoya vingi vitue nje, kiasi kwamba alianza kumwangalia mwenzake kama anamuuliza kitu. Seti ya pili akajirekebisha, akaanza kutupia nusu nusu kwa woga, na kinyoya cha nusu ndicho mimi nakisubiri: nakidondosha mbele kwenye neti, anakuja mbio, amechelewa. Baadaye tukala nyama choma pamoja, nikamweleza. Alikasirika kama dakika mbili hivi.

Ila hewa hii nyepesi inamsaidia vile vile mpiga smashi, yule anayekigonga kwa nguvu kutoka juu kwenda chini, kinyoya kinakufikia kikiwa bado na moto. Ndiyo maana machalii wetu wote wanataka kupiga smashi. Wanaangalia video za Viktor Axelsen, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo na wa Paris, mtu wa karibu mita 1.94. Chalii ana futi tano na nusu, kwa urefu huo smashi yake inaishia kwenye neti nusu ya mara. Mimi namwangalia An Se-young wa Korea Kusini, aliyechukua dhahabu ya wanawake Paris 2024. Huyo binti anarudisha. Anarudisha tena. Anarudisha mpaka mwenzake anachoka kufikiri.

Kwa hiyo mpango wangu na machalii hauna siri, nauandika hapa na bado hawatauzuia. Simpi chalii kinyoya cha kuinuka katikati. Ama kinakwenda chini karibu na neti ili yeye ndiye ainue, ama kinakwenda juu sana na nyuma kabisa, kwenye kona yake ya bekihendi. Kona hiyo kila mtu anaichukia. Akijigeuza kukipiga kwa bekihendi kinatoka dhaifu. Akikizunguka ili apige kwa fohendi, upande wa kiganja, ameacha uwanja mzima wazi. Hapo nadondosha mbele, kona ya mshazari. Uwanja wa mmoja mmoja kwa upande mmoja ni mita 6.7 kwa 5.18, kwa hiyo mshazari huo unakaribia mita 8 na nusu. Anaukimbia. Anafika, kwa sababu ni kijana. Namrudisha nyuma kule kule. Anafika tena, anahema. Mimi nimesimama katikati nimepiga hatua mbili. Kufika pointi ya kumi na kitu anaanza kupiga smashi akiwa nyuma ya mstari ili mambo yaishe, na yanaisha kweli.

"Mama, hivi unanifanyia makusudi?" mmoja aliniuliza, ameinama ameshika magoti.

"Ndiyo mwanangu. Kunywa maji."

Wawili wawili ni habari nyingine, na sina mengi maana mume wangu ndiye mwenzangu na tunataka kubaki kwenye ndoa. Mkishambulia, mmoja mbele mmoja nyuma. Mkiinua, mgawane kushoto na kulia. Yeye anajua hilo vizuri sana mpaka kinyoya kinapokuja juu upande wangu. Sevu, yaani pigo la kuanzisha, ile fupi ya bekihendi imetuokoa mara nyingi, inayopita juu ya neti kwa kuikwaruza, lakini kumbukeni wakati raketi inakigusa, kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni. Kuna jamaa pale ukumbini anasevu kutoka kifuani na akiambiwa anasema ni mrefu.

Na wanaofanya mazoezi nje barabarani jioni, sawa, ni raha na watoto wanafurahi, lakini usipime mkono wako huko. Upepo wa mlimani utakudanganya, utarudi ndani hujui umbali wa kitu chochote.

Mwezi ujao tumealikwa Moshi. Kule ni chini ya mita 1,000, kwa hiyo kinyoya cha kwetu cha 75 kitapelea, na machalii watatupia nusu bila kujua kwa nini. Wameniuliza tubebe tyubu gani. Nimewaambia tubebe za namba mbili tofauti, tuondoke alfajiri na basi la kwanza, tupime ukumbini kabla wenyeji hawajaamka.