Siku moja na DT 175 barazani kwangu

Saa kumi na mbili asubuhi navuta turubali. Majirani wa hapa Umoja, Nairobi, wakipita kwenda steji huniuliza chuma hicho nitakipeleka lini kwa wanaonunua vyuma kuukuu. Chenyewe ni Yamaha DT 175 ya miaka ya sabini, pikipiki ya porini yenye injini ya mapigo mawili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Kazi yangu ni kuzirudisha pikipiki za aina hii barabarani, na naifanyia hapa nyumbani, barazani, chini ya mabati.

Hadi saa tatu ni kuosha vipuri vya giaboksi kwa mafuta taa na kuvipanga kwenye mikebe ya Kimbo niliyoiandika kwa chaki.

Saa tatu na robo mwenye kazi anafika. Ni kijana mwenye heshima, lakini ana haraka. Pikipiki ni ya babake, aliyekuwa afisa wa mifugo huko Kajiado na akazungukia nayo maboma kwa miaka mingi. Kijana anataka mzee aione siku ya harusi ya dadake.

"Fundi, habari ya asubuhi. Mbona hata tangi halijapigwa rangi?"

Nikamwambia rangi huja mwisho. Akaizunguka fremu, akapiga picha, akapokea simu, akarudi na lile nililokuwa nikilingoja.

"Kuna jamaa Kayole ameniambia tuweke tu injini ya Boxer. Siku mbili imeisha, na spea ziko kila kona."

Kuhusu spea amesema kweli. Boxer ni pikipiki ya kazi na imelisha familia nyingi katika jiji hili. Lakini ili injini yake ikae kwenye fremu hii, lazima ukate vishikizo vya injini na uchomelee vingine. Ukishakata, basi. Kitakachobaki ni tangi la DT na jina lake ubavuni. Nilimweleza hivyo, akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza bei ya kuweka Boxer. Nikaeleza tena. Akauliza kama tunaweza kupaka rangi kwanza, injini baadaye. Saa nne ikapita, saa tano ikaja, nami nina spana mkononi na sijafungua nati hata moja.

Mwishowe nikampa silinda aishike. "Pitisha kidole ndani, upande wa eksozi." Akaipata mikwaruzo. Nikamwonyesha chanzo chake: sili za kranki, yaani mipira inayoziba ncha za mhimili wa injini, zilikuwa zimekauka, zikaruhusu hewa kuingia ndani ya injini. Hewa ikizidi petroli, moto unakuwa mkali, oili haitoshi, pistoni inavimba na kuukwangua ukuta wa silinda. Rangi haiwezi kuzuia hilo.

Akampigia babake, akaweka spika. Mzee hakuuliza habari ya rangi. Baada ya salamu aliuliza, "Fundi, sili za kranki umebadilisha?"

"Nimebadilisha zote mbili, mzee. Pande zote."

"Basi endelea na injini yake."

Nilifurahi kupita ninavyoweza kueleza. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema lakini tangi yeye analitaka jeusi. Mzee analitaka jeupe kama lilivyokuja. Hilo nimewaachia wenyewe.

Sikula chakula cha mchana. Nilitia silinda na pistoni mpya kwenye begi nikaelekea kwenye karakana za Kariobangi Light Industries, silinda ikachongwe. Pistoni lazima iende pamoja na silinda, kwa sababu fundi anachonga kulingana na pistoni iliyopo mkononi, si kulingana na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kipenyo cha kiwandani cha silinda ya DT 175 ni milimita 66. Hii tunaipandisha hadi 66.50, saizi ya pili ya kupanua, maana ya kwanza isingeifuta mikwaruzo yote.

Nilipofika, stima zilikuwa zimepotea eneo zima. Tukakaa. Foleni ya silinda za boda boda ilikuwa ndefu, na wenyewe wanapoteza pesa kila saa inayopita, kwa hiyo sikuomba kupitishwa mbele. Joto la mabati, kelele za nyundo, miguu inauma. Stima ziliporudi na zamu yangu ikafika, nilimsimamia yule mzee wa mashine hadi akacheka. Nilitaka nafasi kati ya pistoni na ukuta iwe milimita 0.04 hivi. Ikibana zaidi, itakwama ikipata moto. Ikilegea, italia kama debe. Alipima, akachonga, akapima tena. Mikono yake ni ya kuaminika kabisa.

Nilirudi jua limetua. Hapa ndipo inapoanza kazi ambayo hakuna anayeiona. Injini hii haina valvu juu ya silinda kama ile ya Boxer. Petroli na moshi hupitia matundu kwenye ukuta wa silinda. Ukishachonga, kingo za matundu hayo hubaki kali kama wembe, na ringi ya pistoni ikinasa hapo inavunjika. Kwa hiyo kila ukingo naulainisha kwa tupa ndogo na msasa, tundu kwa tundu, taa ya kichwani ikiwaka. Mgongo umekataa kunyooka. Vidole havina hisia. Sijali sana, kwa sababu kidole kikipita sasa hakikwami popote.

Kabureta niliigusa kidogo tu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Jeti kubwa, kile kitundu cha kupitisha petroli, iliyopangiwa sehemu za chini humwaga petroli nyingi huku na kuitia plagi masizi, kwa hiyo nimetenga iliyo ndogo zaidi ya kujaribia.

Usiku kijana ametuma ujumbe: siku ya harusi ataiendesha mwenyewe hadi Kajiado? Nimemjibu kwamba itawaka kabla ya siku hiyo, lakini pistoni mpya huzoeshwa silinda polepole, kwa kilomita mia kadhaa za mwendo wa kadiri, bila kuifungulia. Kwa hiyo Kajiado iende juu ya pikapu, na mzee aipige kiki ya kwanza ya siku hiyo mbele ya wageni.