Sifa za kuwahi

Kuna kijana kaniomba nimwandikie barua ya mapendekezo. Tangu jana nimeandika mstari mmoja tu: "Ni mtu anayewahi kazini." Nikaufuta. Mstari huo naujua.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye ile kazi ya mwanzo. Bosi alinipa barua ndani ya bahasha ambayo hakuifunga. Nikaisoma njiani, nikaisoma tena, nikafika nyumbani kichwa kimevimba. Nikampa baba.

Baba akavaa miwani. Barua yenyewe haikuzidi aya mbili, lakini aliisoma kama hati ya kiwanja. Akaigeuza nyuma, hakuna kitu. Akarudi mbele. Kidole kikapita taratibu chini ya maneno: anawahi, ni nadhifu, ana mwandiko mzuri, hana ugomvi na mtu. Kikasimama kwenye sahihi. "Karatasi nzuri hii," akasema. "Na muhuri umegongwa vizuri." Akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia, kisha akaniuliza kama kuna kazi za aina nyingine ninazozitazama.

Nilielewa usiku, kitandani. Mimi nilikuwa mtu wa mahesabu, na barua nzima haikutaja hesabu.

Baadaye sana nikakutana na mfano wa mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya 1975 kuhusu mazungumzo, nikacheka peke yangu. Mwalimu anatoa maoni kuhusu mwanafunzi wake anayeomba kazi ya falsafa: Kiingereza chake ni kizuri sana, na vipindi anahudhuria. Basi. Uongo hakuna, na ujumbe umefika. Grice anaeleza vizuri msomaji anavyoipata maana. Kinachonisumbua mimi ni moyo wa aliyeandika. Bosi na baba walizunguka mbuyu mmoja, tena kwa mtindo mmoja: kila mtu alisifu kile ambacho hakikuulizwa. Yule nikamwita mwoga, huyu nikamwita mpole. Sina hakika kama niliwagawia haki. Huenda bosi alinihurumia. Huenda baba ndiye aliyeogopa, akiutazama uso wangu.

Bosi tulikuja kukutana msibani, kazeeka.

"Ile barua ilikusaidia?" akaniuliza.

"Ilisomwa kwa makini sana, mzee wangu."

Akashukuru.