Taa ya baba na stesheni ya Jinja

Nimerudi Jinja baada ya miaka 19 Uingereza. Nilipokwisha kumwamkia mama na kunywa chai, nilimwambia nakwenda stesheni. Akacheka: treni ya abiria ya mwisho imepita hapa zamani mno. Lakini stesheni hiyohiyo, alikokuwa akiripoti marehemu baba, tangu 2022 ni Makumbusho ya Reli ya Uganda, na mimi nilikuwa nimeisoma habari hiyo mbali, usiku, nikashindwa kulala.

Baba alikuwa gadi wa treni. Tulikulia landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Jirani wa kushoto Mjaluo, wa kulia Mteso, mkabala na mlango wetu familia ya Kinubi, na mama yangu Msoga. Kiswahili hiki sikukisomea darasani. Nilikiokota bombani, kwenye foleni ya ndoo. Kila nikienda Kampala huulizwa kama mimi ni Mkenya, na huwa inaniuma. Reli nayo ilikuwa na wenyeji wake hapa.

Kijana aliyenitembeza aliyajua mambo yake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ya Uganda ikavushwa kwa meli. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya Busoga, Jinja hadi Namasagali, kwa sababu kipande hicho cha Nile kina maporomoko ambayo meli haiwezi kuyapita. Kampala yenyewe haikufikiwa na treni ya moja kwa moja kutoka Mombasa hadi 1931, daraja la Nile lilipokamilika. Nikamweleza na mimi ya landhi: jinsi wake wa wafanyakazi walivyojua kwa mlio wa honi nani yuko kwenye injini, wakaanza kusonga ugali. Akatoa daftari akaandika. Tukakaa kwenye benchi la jukwaani karibu saa nzima, yeye akiuliza, mimi nikikumbuka.

Kesho yake nikaenda Namasagali, kwa matatu hadi Kamuli, kisha bodaboda. Babu mzaa mama alibeba marobota ya pamba bandarini pale. Meli zilishuka na Nile hadi Masindi Port, watu na mizigo wakaendelea kwa barabara mpaka Butiaba, Ziwa Albert. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda mno na safari zikaisha. Mwaka 1965 majengo ya reli yakageuzwa shule. Nilisimama ukingoni nikitazama mafunjo, sikutaka kuondoka.

Main Street ya Jinja nilikuwa na kazi ya mtu. Jirani yangu wa Leicester, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, alinipa picha ya duka la babu yake. Familia yao iliondoka mwaka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90. Mtaa ule bado una majengo yenye jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa vilivyofinyangwa kwa saruji juu ya baraza. La babu yake nililipata. Jina limepakwa rangi mara nyingi, herufi zimevimba, lakini linasomeka. La pembeni yake limezungushiwa mabati, nyuma limeshabomolewa. Naomba wenye majengo haya wasiikimbilie nyundo. Ukuta wa mbele ukishaanguka hakuna wa kuufinyanga tena vile.

Jioni mama akatoa kitu chini ya kitanda, kimefungwa kwenye leso. Taa ya gadi. Bati jeusi, mkono wa waya, kioo kinene kama kitako cha chupa. Ukikizungusha kifuniko, kioo chekundu kinajificha na cha kijani kinakuja mbele. Ndani bado mnanukia mafuta ya taa. Pembeni mna bonde dogo ilipogonga behewa. Baba alikuwa akiweka kidole gumba hapo kila anapoishika, na bati limeng'aa.

"Baba Musa," mama akaniambia, "wakiiweka huko makumbusho, watoto wataruhusiwa kuizungusha?"

Nikamwambia sijui, tutauliza.

"Basi tukaulize wote. Nisipoona inapokaa, siitoi."

Tunakwenda Jumanne. Ameshaifuta na kuifunga tena kwenye leso ileile.