Siku yangu moja ndani ya ghorofa ambalo halijajengwa

Saa 12 asubuhi. Kabla sijatoka nampigia mama Dar. Kwake ni saa 8 mchana. "Marahaba mwanangu. Lile ghorofa lenu limefika wapi?" Bado liko kwenye kompyuta, mama. "Mwaka wa pili huu!" Mama anadhani nadanganywa.

Saa 2. Ofisini, hapa Dallas, Marekani. Mimi ni msanifu majengo. Jengo letu lina ghorofa 30: chini maduka na studio za wasanii, juu yake maegesho, kisha nyumba za kupanga hadi kileleni. Injinia anataka nguzo ishuke wima toka juu mpaka msingi. Leo, kwenye mchoro, nguzo moja imeangukia katikati ya njia ya magari ya maegesho. Tumeisogeza, ikatua jikoni mwa wapangaji, kwenye ghorofa kumi na nane mfululizo. Tumeirudisha.

Saa 6 mchana natembea Flora Street. Huu ndio mtaa wa sanaa: ukumbi wa muziki wa Meyerson, kazi ya I. M. Pei, uko hapa tangu 1989. Ila mimi huishia Nasher, jumba la sanamu alilolibuni Renzo Piano, lililofunguliwa 2003. Paa lake ni la vioo, juu yake vikinga jua vya alumini vyenye matundu yanayotazama kaskazini, ili mwanga uingie na jua libaki nje. Baadaye jirani, upande huohuo wa kaskazini, likapanda Museum Tower, ghorofa 42 za vioo. Vioo vikalirudisha jua, likapenya kwenye matundu yaleyale. Mwaka 2012 mgogoro wa majirani hao wawili ulijaa magazetini. Kila msanifu anayechora mtaa huu anachora na mgogoro ule kichwani, au ningependa iwe hivyo.

Saa 9. Kikao. Nimelipitisha jua la mwaka mzima kwenye kompyuta: jioni za Juni, vioo vyetu vya magharibi vinarusha mwali hadi barabarani. Naomba vibaraza vya futi 5 vivitie kivuli. Mwakilishi wa mwenye mradi anataka vioo vitupu, "mandhari ndiyo tunayouza." Tumebishana saa nzima. Nimepata vibaraza, nimepoteza miti ya ghorofa ya nane.

Saa 12 jioni, nikifunga kompyuta, injinia ameandika: vibaraza vimeongeza uzito, kwa hiyo ile nguzo ya kwenye njia ya magari lazima inenepe inchi 4.